Majalada Yaliyofutwa na Namna ya Kuyarudisha

Kazi nyingi za ofisi na za shule siku hizi haziwekwi tena katika kabati lenye kufuli. Zawekwa katika mashine zilizo mbali, nasi twazifikia kwa simu au kwa kompyuta, watu kumi au ishirini wakiandika katika daftari moja kwa wakati mmoja. Wengi wenu mmekwisha kuyaona mambo haya. Yuko katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa aandikaye hisa za wanachama katika simu yake. Yuko mtunza hesabu wa zahanati. Yuko mwalimu aingizaye alama za mitihani. Programu zenyewe ni nyingi, nazo zina majina ya kigeni: Google Drive, Microsoft Teams, Dropbox na nyinginezo. Faida zake twazijua. Lakini liko jambo moja ambalo watu hawalizungumzi mpaka siku ya msiba, nalo ni hili: jalada likifutwa katika chombo hicho cha watu wengi, je, laweza kurudishwa? Na kama laweza, ni nani awezaye kulirudisha, na kwa muda gani? Hilo ndilo tutakalo kulieleza leo, kwa kadiri tulivyolijua katika kazi yetu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi walimu, neno kufuta twalijua ubaoni. Mwalimu akiisha kufuta ubao, maandishi yamekuwa vumbi, wala hakuna fundi awezaye kuikusanya chaki ile na kuifanya tena kuwa hesabu. Kwa sababu hiyo mtu aonapo jalada lake limefutwa, moyo wake huwaza ubao, naye hukata tamaa na kusema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Walakini katika programu hizi kufuta si kama kufuta ubao. Ni kama kukichukua kitu nyumbani na kukitupa jaani nyuma ya nyumba. Kitu hakimo tena ndani, lakini kingali kipo. Mwenyewe akienda upesi atakiokota, atakipangusa, na kukirudisha mahali pake. Lakini iko siku gari la taka litapita, na likiisha kupita hapana tena cha kuokota. Basi elimu yote ya kurudisha majalada imo katika maswali mawili: jaa hili ni la nani, na gari lapita lini?

Sisi twafundisha pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa Temeke, katika njia iendayo Mbagala na Chamazi. Wazee wa huko hukumbuka mikorosho na minazi. Sasa ni nyumba zilizoshikana, na watoto ni wengi kuliko madawati. Walimu wa shule moja hawakai mahali pamoja. Huyu hutoka Kongowe, huyu Tandika, na mwingine huondoka Mbande kabla ya jua kuchomoza. Zamani si nyingi mwalimu aliandika mtihani wake kwa mkono, akaupeleka katika duka la steshenari ili upigwe chapa, akarudi na flashi mfukoni. Flashi ile ilipoingizwa katika kompyuta ya dukani ilikutana na virusi vya flashi nyingine mia, na mara nyingi ilirudi shuleni imejaa vitu visivyofunguka. Mtihani mmoja uliweza kupigwa chapa mara tatu. Wenzetu wa Kinondoni, huko Tegeta na Bunju, walitueleza kwamba kwao mambo yalikuwa yale yale. Kwa hiyo folda ya pamoja ilipokuja ilipokewa kwa furaha, maana mwalimu wa Kongowe na mwalimu wa Tandika waliweza kuingiza alama usiku mmoja, kila mtu nyumbani kwake, na asubuhi orodha ikawa imekamilika.

Sasa tueleze lililotokea katika shule moja ya upande wetu. Mwalimu mmoja mtu mzima, mwenye bidii, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuifungua folda ile, miaka minne kabla ya mambo haya. Aliifungua kwa akaunti yake mwenyewe, ile ile apokeayo barua za jamaa zake na kuhifadhi picha za arusi ya binti yake. Hapakuwa na njia nyingine wakati ule, wala hakuna aliyeona ubaya. Alama za wanafunzi zaidi ya 200 wa kidato cha nne, muhula kwa muhula, zilikaa humo. Baadaye mwalimu yule alipata uhamisho, akaenda kufundisha mkoani Ruvuma. Watu wakaagana, lakini si wote walioagana vizuri, maana palikuwa na maneno juu ya fedha za masomo ya jioni.

Miezi michache baada ya kuondoka kwake, folda ikatoweka katika orodha za walimu wote. Aliyeona kwanza alikuwa mwalimu wa taaluma. Alinyamaza. Alifikiri kwamba yeye ndiye atakayeulizwa, kwa kuwa alama ni kazi yake. Basi kila jioni aliitafuta peke yake katika simu yake, na kila asubuhi alisema kwamba orodha iko njiani. Habari ilipojulikana hatimaye, chumba cha walimu kilijaa hukumu. Ilisemwa kwamba mzee amelipiza kisasi. Mmoja alikumbuka neno alilolisema mzee siku ya kuondoka. Mwingine alikumbuka namna alivyofunga mlango. Barua ya kumshitaki ikapigwa chapa, ikawekwa mezani kungoja sahihi.

Sisi tuliitwa kwa kuwa tunajulikana kupenda mambo ya kompyuta. Tukauliza swali moja tu: Je, yuko aliyempigia simu? Hapakuwa na aliyempigia.

Tukapiga. "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, Mwalimu. Hamjambo huko Mbagala? Mvua zimewafikia?" Tukajibu habari za mvua, kisha tukamwuliza habari za folda. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Alama za watoto nizifute ili nipate nini?" Tukamwomba atazame katika simu yake mahali panapoitwa Tupio. Akamwita mpwa wake amsaidie, na hapo jambo lote likafunguka. Majuma yaliyopita simu ilimwonya kwamba nafasi yake imejaa. Akaunti ya bure ya Google hupewa nafasi ya gigabaiti 15 tu kwa barua, picha na majalada pamoja, na ikijaa barua mpya haziingii. Mzee alimpa mpwa wake aisafishe. Kijana alifuta vitu vizito asivyovijua, akaziacha picha za arusi. Folda ya shule ilikuwa katika Tupio, na siku yake ilikuwa ya 19. Zilibaki siku 11 tu gari kupita.

Kijana akabonyeza neno la kurudisha, na folda ikarudi mahali pake na majalada yaliyokuwa mali ya mzee, orodha zote za alama isipokuwa moja. Ile ya somo la Kemia haikuwamo. Wengine wakaanza tena kunong'ona. Lakini orodha ile haikuandikwa na mzee; ilifunguliwa na mwalimu mwanamke wa Kemia kwa akaunti yake mwenyewe, kisha ikawekwa ndani ya folda ya mzee. Kitu cha mtu hakiingii katika Tupio la mtu mwingine. Folda ilipoondolewa, orodha yake ilibaki kwake, ila haikuwa na mahali pa kukaa, kama mpangaji ambaye nyumba aliyopanga imebomolewa. Mama yule aliitafuta kwa jina katika akaunti yake, akaipata kabla chai haijapoa. Ile barua ya mashitaka ilichanwa. Mzee hakuambiwa kwamba iliandikwa, na sisi hatukuona faida ya kumwambia.

Tumeyaeleza haya kwa urefu kwa kuwa ndani yake mna karibu mambo yote yampasayo mtu kuyajua. Na sasa tuyapange.

Jambo la kwanza ni mwenye jaa. Katika Google Drive ya mtu binafsi, kila jalada lina mmiliki mmoja, hata likitumiwa na watu 50. Mmiliki akilitupa, laenda katika Tupio lake, na ni yeye peke yake awezaye kulirudisha. Wengine wakitafuta katika Tupio zao watachoka bure, kama mtu atafutaye mbuzi wa jirani katika zizi lake mwenyewe. Mtu asiye mmiliki akiliondoa jalada katika orodha yake, amejiondolea yeye tu; wenzake wangali wanaliona. Tena, mmiliki akilitupa, wale aliowashirikisha waweza bado kulifungua kama wanayo anwani yake, mpaka siku atakapolifuta kabisa. Kwa hiyo, aliyehifadhi anwani ile katika ujumbe wa zamani wa WhatsApp aweza kujitengenezea nakala wakati mwenyewe bado anatafutwa.

Jambo la pili ni siku ya gari. Zamani Google iliyaacha majalada katika Tupio mpaka mwenyewe ayaondoe kwa mkono wake. Desturi hiyo ilibadilishwa tarehe 13 Oktoba 2020, na tangu siku hiyo kila kitu kilichomo humo hufutwa chenyewe baada ya siku 30. Wako watu ambao hata leo hulitumia Tupio kama ghala, wakidhani vitu vitakaa humo milele. Hao wakumbuke hesabu hii. Kwa shule au ofisi yenye akaunti rasmi ya taasisi, iko nafasi moja zaidi: jalada likiisha kutoka katika Tupio, msimamizi wa akaunti zote aweza kulirudisha katika siku 25 zinazofuata. Baada ya hapo, hapana.

Kwa watumiao Microsoft hesabu ni nyingine. Katika SharePoint na OneDrive za ofisi, kitu kilichofutwa hukaa siku 93. Humo mna mapipa mawili. La kwanza huonwa na wafanyakazi. Kitu kikiondolewa humo huangukia pipa la pili, ambalo huonwa na wasimamizi. Lakini mtu asidanganyike akadhani kwamba pipa la pili laanza kuhesabu upya. Siku ni zile zile 93, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya kufutwa. Na katika Microsoft Teams uko mtego uliowapoteza wengi. Jalada lililowekwa katika mazungumzo ya kundi lote hukaa katika SharePoint ya kundi hilo. Bali lile ambalo mtu alimpelekea mwenzake katika mazungumzo ya faragha hukaa katika OneDrive ya yule aliyelipeleka. Mazungumzo ni kama dirisha tu la kulionea jalada. Chumba lilimowekwa ni kingine. Basi alitafutaye jalada lililopotea asitafute dirishani, na aulize kwanza lilipelekwa na nani na kwa njia gani.

Jambo la tatu ni mtu aondokaye kazini. Ofisi nyingi hufuta akaunti ya aliyeondoka siku ile ile anaporudisha funguo, kana kwamba akaunti ni kiti tu. Pamoja na akaunti huenda kazi yake ya miaka yote. Katika Google za taasisi, akaunti iliyofutwa yaweza kurudishwa na msimamizi kwa siku 20. Katika Microsoft, kwa siku 30. Lakini dawa iliyo bora ni kuihamisha kazi kabla ya kuifuta akaunti, na bora zaidi ni kuiweka tangu mwanzo mahali pasipo pa mtu mmoja. Google za taasisi zina hifadhi ya pamoja, ambayo mali yake ni ya kundi lenyewe. Mtu huja na mtu huenda, na majalada hubaki. Katika shule tuliyoieleza, mzee aliuhamisha umiliki kwa akaunti iliyofunguliwa kwa jina la shule. Hakuwa mwizi wa mali ya shule; mali ya shule ndiyo iliyokuwa imewekwa nyumbani kwake bila mtu kufikiri.

Jambo la nne ni lile baya kuliko yote, maana halionekani. Jalada lipo, lakini yaliyomo yameharibika. Mtu ataka kuyapanga majina ya wanafunzi kwa alfabeti, naye ayapanga majina peke yake, na safu ya alama haisogei. Mara mtoto wa kwanza amepewa alama za mtoto wa tatu, na aliyefaulu amekuwa wa mwisho. Hakuna kilichofutwa, wala Tupio halina kitu. Hapo msaada ni historia ya matoleo. Programu hizi huweka kumbukumbu ya hali za jalada zilizopita, pamoja na saa na jina la aliyeandika, nawe waweza kuifungua hali ya jana au ya juzi na kuirudisha. Aliyeliona kosa hilo siku ya pili atalitengeneza kwa dakika moja. Lakini watu wakiendelea kuandika juu ya orodha iliyoharibika kwa mwezi mzima, huwezi kurudi nyuma bila kuupoteza mwezi huo wa kazi. Kwa sababu hiyo twasema kwamba orodha ya alama hapana budi ilinganishwe na daftari la mwalimu kila mwisho wa mwezi. Mali bila daftari huisha bila habari, na hata mali yenye daftari huisha daftari lisiposomwa.

Pengine msomaji atasema kwamba haya ni ya watu wa Mbagala wasio na mafundi. Sivyo. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni iitwayo GitLab, ambayo kazi yake hasa ni kuwatunzia mafundi wa programu majalada ya kazi zao za pamoja, ilipata msiba mkubwa. Fundi wao mmoja, akiwa amechoka usiku, alifuta data katika seva isiyokuwa ile aliyoikusudia. Zikaenda gigabaiti 300 hivi. Walikuwa na njia tano za kuweka nakala za akiba, na walipozijaribu usiku ule hata moja haikufaa kama walivyotumaini. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa imechukuliwa kwa mkono saa 6 hivi kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Yale yaliyoandikwa katika saa zile 6 yalipotea. Lakini lililotushangaza sisi ni namna walivyojichukua. Waliutangaza msiba wao mbele ya ulimwengu saa ile ile, wakaandika hadharani kila hatua ya kutafuta, na watu wakawatazama wakifanya kazi. Hawakumficha mtu, wala hawakumtupa aliyekosea. Mwalimu wetu wa taaluma angalijua habari hiyo, asingalizila siku zile zote kwa kimya.

Mwezi Aprili 2022 kampuni ya Atlassian, ambayo programu zake za kazi za pamoja hutumiwa duniani kote, iliendesha amri ya kuondoa programu moja ya zamani. Amri ile badala ya kuondoa programu iliondoa maskani nzima za wateja. Wateja 775 wakajikuta hawana mahali pa kazi. Nakala za akiba zilikuwapo, lakini kuzirudisha maskani moja moja kulichukua muda, hata wengine wakangoja kiasi cha siku 14. Hapo twajifunza kwamba kuwa na nakala ni jambo moja, na kujua kuirudisha upesi ni jambo la pili.

Lakini habari ya kusikitisha kuliko hizo ni ya Korea ya Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliwaka katika jumba la kompyuta za serikali katika mji wa Daejeon. Humo mlikuwa na hifadhi ya pamoja ya watumishi wa serikali iliyoitwa G-Drive, yenye terabaiti 858 za majalada. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala mahali pengine, kwa maelezo kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Yote yakateketea. Serikali tajiri, yenye mafundi wengi, ilipoteza kazi ya miaka kwa kuwa vyote vilikuwa chini ya paa moja. Hapo palikuwa hapana Tupio la kutazama. Moto hauweki kitu jaani.

Na nchi yetu yenyewe ina kisa chake, kabla ya kompyuta. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma mbele ya Waingereza na Wabelgiji, walifukia ardhini baadhi ya majalada ya serikali yao, na Tabora ni mahali pamoja palipofukiwa. Baada ya vita yalifukuliwa. Mengi yalipotea katika misukosuko ya vita, lakini yaliyopona yamo leo katika Nyaraka za Taifa mjini Dar es Salaam, na mwaka 1997 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Mashamba, kodi na kesi za babu zetu zasomwa humo. Yalipona kwa kuwa alikuwapo mtu aliyejua yalipofukiwa, naye akaulizwa angali hai.

Tena yafaa tutofautishe kupotea na kutofikika. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikalegea au ikazimika katika Tanzania na nchi za jirani. Watu wakafungua folda zao wakaona hazifunguki, na wengine wakapiga kelele kwamba kazi yao imekwenda. Haikwenda. Ilikuwa palepale, ila njia ilikuwa imekatika. Katika saa kama hizo mtu asiguse kitu kwa pupa, asifute akaunti na kuifungua upya, asikubali kijana wa dukani aseme ataifufua kwa fedha. Angoje njia itengenezwe. Na kwa ajili ya siku kama hizo, iliyo muhimu iwe na nakala isiyohitaji intaneti: katika kompyuta ya ofisi, au hata katika karatasi iliyofungwa kabatini.

Walakini tusije tukadhani kwamba hekima yote ni kutunza. Iko pia haki ya vitu kufutwa na kufutika kweli. Katika folda za shule mna majina ya watoto, namba za simu za wazazi, na pengine habari za magonjwa yao. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu zisitunzwe kupita haja iliyozikusanya, wala zisiachwe wazi kwa kila mpita njia. Basi mwalimu aliyeogopa kupotewa, akainakili orodha katika simu yake, ya mkewe na ya shemeji yake, ameziba tundu moja akafungua matatu. Nakala mbili zinazojulikana zilipo zafaa kuliko nakala kumi zisizojulikana. Na mtu akifuta kitu cha siri akumbuke kwamba kingali jaani kwa siku 30 au 93, kikingoja mkono wowote ulio na funguo za akaunti ile.

Basi, ikiwa folda ya kikundi chenu au ya shule yenu itatoweka, fanyeni hivi. Semeni siku ile ile, kwa sauti. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kila siku ya kuficha imekatwa katika zile siku 30. Kisha ulizeni jalada lilikuwa mali ya nani, mkamtafute mtu huyo kwa maneno mazuri, maana ufunguo wa jaa uko mkononi mwake, naye pengine hajui kitu. Kisha hesabuni siku. Kisha tafuteni kwa jina katika akaunti ya kila aliyeandika. Na mkiisha kulipata, msirudi kulala. Lihamisheni mahali pa kundi, mteue watu wawili wenye mamlaka juu yake, si mmoja, na siku moja katika muhula mjaribu kuifungua nakala ya akiba kana kwamba msiba umetokea.

Juu ya hayo liko neno ambalo hakuna programu iwezayo kulifanya. Jalada lililofutwa hungoja katika Tupio siku zake, na kidole kimoja hulirudisha lilivyokuwa. Lakini jina la mtu likiisha kuchafuliwa katika chumba cha walimu halina Tupio, wala hakuna msimamizi wa kuliomba katika siku 25. Katika shule ile alama za watoto zilipatikana zote, na wale wa kidato cha nne walifanya mtihani wao bila kujua lolote. Mwalimu wa taaluma angali kazini, na siku hizi yeye ndiye wa kwanza kusema kitu kisipoonekana. Akaunti ya shule ina wasimamizi wawili, mmoja wao ni yule mama wa Kemia.